Nyumba ya msugua vioo aliyelaaniwa

Msomaji, ukibahatika kufika Uholanzi, usiishie kwenye mifereji ya Amsterdam. Panda basi kutoka Leiden uende Rijnsburg. Huko pana nyumba ndogo ya matofali ambayo tangu 1899 ni makumbusho. Mwanasayansi Albert Einstein naye aliizuru mwaka wa 1920, akatia sahihi katika kitabu cha wageni.

Humo ndimo alimopanga mwanafalsafa Baruch Spinoza kati ya 1661 na 1663. Alizaliwa Amsterdam mwaka wa 1632, katika jamii ya Wayahudi waliokimbia mateso Ureno. Mnamo Julai 27, 1656, akiwa na umri wa miaka 23 tu, wazee wa sinagogi walimlaani. Watu walikatazwa kusema naye, kukaa naye chini ya paa moja, wala kusoma maandishi yake.

Amri hiyo haikueleza kosa kinaganaga. Hata hivyo, vitabu alivyoandika baadaye vinaonyesha alikoelekea. Alishikilia kwamba Mungu hakai mbali na ulimwengu kama fundi na meza aliyoiunda. Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na sisi sote tumo ndani yake. Ukweli huo, alisema, hupatikana kwa kutumia akili.

Riziki aliipata kwa kusugua vioo vya darubini. Mwaka wa 1673 aliitwa kuwa profesa Heidelberg, Ujerumani, akakataa kwa kuchelea kufungwa mdomo.

Miaka yake ya mwisho aliishi The Hague, katika mtaa wa Paviljoensgracht, mpangaji wa mchoraji mmoja. Yasimuliwa kwamba mama mwenye nyumba, Mkristo, alimuuliza iwapo dini yake ingemwokoa. Spinoza akamjibu kuwa dini yake ni njema, asitafute nyingine, mradi aishi kwa amani na uchaji. Alifariki mwaka wa 1677 akiwa na miaka 44. Mwaka uliofuata vitabu vyake vikapigwa marufuku.

Leo sanamu yake, iliyowekwa mwaka wa 2008, imesimama kando ya mfereji Amsterdam, mji ule ule alikolaaniwa.

Si lazima tukubaliane naye. Kila mtu ana imani yake. Lakini wahenga walisema kuuliza si ujinga. Imani iliyo thabiti haitikiswi na swali la kijana wa miaka 23.