Si balbu, ni holda

Kama umenunua balbu ya tatu mwezi huu, wacha kulaumu kampuni. Balbu haina makosa. Shida iko kwa ile kitu inaishikilia, na hiyo hakuna mtu huangalia: holda.

Nimekuwa nikikaa Gikomba kila Jumamosi tangu Januari, kwa meza ya fundi mmoja upande wa kuelekea Kamukunji. Nitamwita Mzee tu, kwa sababu hapendi kamera na jina lake mtandaoni hataki kabisa. Anatengeneza taa. Taa za matatu, taa za nyumba, radio za zamani zenye ka-balbu nyuma ya namba za stesheni. Mimi nilienda kutafuta content, nikabaki nikimshikia tochi.

Sasa, juu ya kukaa huko, YouTube ikaanza kunisukumia video za pinball. Kama hujui pinball, ni ile meza ya kioo unaona kwa filamu za zamani za Marekani, kampira ka chuma kanateremka na wewe unakapiga na vijiti viwili kasianguke. Nyingi zilitoka Chicago, kwa makampuni kama Gottlieb, Williams na Bally. Ile ya kwanza kuwa na vijiti vya kupigia ni Humpty Dumpty ya Gottlieb, 1947. New York waliipiga marufuku wakisema ni kamari, na marufuku haikuondolewa hadi 1976. Leo kuna wazee huko majuu wanazinunua zikiwa zimeoza na kuzirudisha uhai, na sehemu kubwa ya kazi, amini usiamini, ni holda.

Mashine moja ina balbu kwa makumi, kila moja na holda yake. Holda yenyewe ni kikombe cha chuma, mguu uliopigiliwa kwa mbao, na springi chini inayosukuma balbu juu. Kikombe na mguu havijalehemiwa. Vimebanwa tu pamoja kiwandani. Mashine ikitetemeka miaka 40, mbano unalegea, kutu inaingia katikati, na umeme unakosa njia. Unapima balbu, nzima. Fyuzi, nzima. Waya, mzima. Lakini giza. Ukiigusa inawaka, ukiiacha inazima, kama mtu wa kukukopa.

Dawa yake: unasugua ndani kwa msasa laini, unavuta springi kidogo irudishe nguvu, unakwaruza chuma hadi king'ae (la sivyo lehemu haishiki), halafu unaweka tone moja la lehemu kati ya kikombe na mguu. Kuanzia hapo umeme hautegemei mbano tena. Springi ikiwa imechoka kabisa, unang'oa holda yote unaweka mpya.

Nikamwonyesha Mzee video moja. Akaangalia dakika mbili, akacheka, akatoa kutoka kwa mkebe wa Kasuku holda ya taa ndogo ya gari. Kitu ni ile ile! Balbu ya pinball na ile balbu ndogo ya parking ya magari ya zamani zina tako moja, upana wa milimita 9, pini mbili za pembeni. Tofauti kubwa ni volti. Ya pinball ni 6.3, ya gari ni 12. Mzee amekuwa akifanya hiyo kazi kabla mimi nizaliwe.

Na hapa ndio roho yangu iliuma. Chini ya ile video watu wameandika vitu vizuri sana. Subira. Sanaa. Mikono ya dhahabu. Siku hiyo hiyo kondaa akaja kwa Mzee na taa ya pembeni imekufa.

"Mzee, si uniuzie tu balbu ingine?"

"Balbu yako ni nzima, kijana. Leta holda."

"Na hiyo ni ngapi?"

"Mia."

"Mia ya kusugua?!"

Akapatana hadi hamsini. Kazi ya nusu saa, na lehemu ni ya Mzee.

Mimi nasema hivi: majuu hiyo kazi wanaiita kuhifadhi historia, hapa tunaiita kusugua. Mwaka 1972 shirika la ILO lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya dunia nzima ianze kuongea juu ya sekta isiyo rasmi, yaani watu kama Mzee. Zaidi ya miaka 50 imepita na sisi, watoto wa hii mtaa, bado tunawalipa kama tunawasaidia. Tunatoa thao moja ya cover ya simu bila kupepesa macho, halafu tunapigania finje na mtu anayetuzuia kuungua.

Ndio, kuungua. Hiyo sehemu ndiyo watu hawaelewi, kwa hivyo nipe dakika.

Kwa volti 6, uchafu kidogo tu unaua taa. Umeme hauna nguvu ya kuruka, kwa hivyo unajua mara moja kuna shida. Kwa keja yako ni volti 240. Huo unaruka. Springi ikilegea, unapita kwa cheche ndogo ndogo, balbu inaendelea kuwaka, labda inapepesa kidogo, labda unasikia kasauti kama ya kukaanga. Wewe unaona taa iko sawa. Ndani, chuma kinapata moto, plastiki inageuka rangi ya chai, springi inazidi kulainika, na mbano unazidi kulegea. Na balbu yako ya LED, ambayo ina vifaa vidogo ndani vinavyochukia huo umeme wa kukatika-katika, inakufa. Unanunua ingine.

Balbu peke yake si hatari sana. Ile ya zamani ya wati 100 ilikuwa inavuta kama ampia 0.42. LED ya wati 9 haifiki hata 0.1. Lakini tuongee ukweli kuhusu ploti zetu. Chumba kimoja, balbu moja, soketi hakuna, ama iko na keateka ameifunga. Kwa hivyo unanunua ile adapta inaingia kwa holda, unachaji simu, unaweka redio, halafu Jumapili asubuhi unachomeka pasi. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampia 4.2. Holda ya pini imetengenezwa kubeba ampia 2. Na moto kwa sehemu iliyolegea haupandi pole pole: umeme ukiwa mara 10, joto ni mara 100. Hapo juu ya kichwa chako, karibu na silingi ya karatasi ngumu, katikati ya kuta za mabati.

Sisi Gikomba hatuhitaji kufundishwa moto ni nini. Tarehe 28 Juni 2018 watu 15 walikufa hapa usiku mmoja. Sisemi ilikuwa holda. Nasema tu hapa moto ukianza hauna mahali pa kusimama.

Kitu kilinishangaza zaidi kuhusu Mzee ni kazi anazokataa. Holda ya volti 12 atakusugulia, atakulehemia, itaenda miaka. Holda ya nyumba ambayo plastiki yake imebadilika rangi ama imepasuka, hagusi. Mama mmoja wa mitumba alimbembeleza sana: "Fundi wangu, nifungie tu na waya, nitanunua mpya mwisho wa mwezi." Akakataa. Akamwambia, "Mama, hii nikikutengenezea nitakuwa nimekuuza." Alipoteza mteja kwa dakika tano, kisha akarudi na holda mpya ametoa kwa duka jirani, na Mzee akamfungia bure, akakaza skrubu mbili mara mbili. Ile mia tunalia juu yake inalipia hayo pia, macho ya kujua gani itengenezwe na gani itupwe. Wale wa pinball pia huongea hiyo kitu sana, wanabishana holda ipi inastahili kuokolewa, na hakuna mtu anawaita wezi.

Kwa hivyo leo ukifika kwa hao: zima umeme kwa meni, si swichi ya ukuta peke yake. Ngoja balbu ipoe, itoe. Piga tochi ndani ya holda. Pini mbili zinafaa kuwa zinang'aa na zirudi juu kwa nguvu zikisukumwa na mti mkavu. Ukiona weusi, ama rangi ya chai, ama pini moja imelala, hiyo imeisha. Usiisugue, ibadilishe, na kama waya zenyewe zimekauka ita fundi. Adapta ya pasi toa hata kama holda ni mpya.

Mzee amekubali nirekodi mikono yake pekee, Jumamosi ijayo. Mkebe wa Kasuku umejaa holda zilizoungua na ameniambia nizipange kwa meza, kutoka ile nyeupe hadi ile nyeusi. Kama uko na yako, leta. Na ukiulizwa mia, toa mia.