Mama Alikaa Siti ya Nyuma, Ndoto ya Ndinga ya Staa Ikaishia Kasulu

Wadau wangu, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina stori ya siti.

Kuna staa mmoja, jina kapuni, mwaka jana alitupia picha akiwa kwenye SUV yake mpya. Si yale madude ya waheshimiwa, ni SUV ndogo, saizi yetu sisi tunaojikuna tunapofikia. Usukani wa ngozi, taa za bluu kwenye dashibodi, yeye na miwani yake. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunajichanga mwaka wa nne ili tununue gari. Kaka alipoiona ile picha akanitumia na neno moja tu: "HII."

Kwetu ni Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, enzi hizo hakuna aliyeuliza siti ya nyuma ikoje. Kaka anapeleka mawese na dagaa Kasulu. Mama nyonga na magoti yanamsumbua, kliniki ni kila mwezi, anaenda kwa bajaji na kila tuta analiogopa kabla halijafika. Gari hiyo ilikuwa ya kumtoa huko.

Sasa rafiki wa kaka ana gari kama ile ile ya staa. Siitaji, msiniulize. Ukatokea msiba Kasulu, mdogo wake mama katutoka, jamaa akatupa lifti. Kaka kakaa mbele, mimi, mama na shangazi nyuma. Kaka ni mrefu, akarudisha siti yake, magoti ya mama yakabanwa. Siti ya nyuma ilikuwa chini sana, imekaribiana na sakafu, kwa hiyo magoti yalipanda juu, mapaja yakabaki hewani, uzito wote ukaishia kwenye nyonga. Paa nalo limeshuka kwa nyuma, mama na kilemba chake akaenda ameinamisha kichwa njia nzima. Shangazi alikuwa katikati juu ya lile tuta la sakafuni, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Mbele kaka anasifia muziki.

Tulipofika kina mama wakaja kutupokea kwa vilio, na mama akashindwa kushuka. Akabaki amekaa, mkono kwenye mlango, hadi wanaume wawili wakamshika kwapani wakamtoa. Kwenye msiba wa mdogo wake. Usiku akaniambia taratibu, "Gari zuri mwanangu. Ila limetengenezwa kwa ajili ya wanaokaa mbele."

Kuanzia hapo nikawa chizi wa siti. Tatizo magari ya Japani tunaagiza kwa picha, na picha nyingi ni usukani na rimu. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikaanza kuwasumbua watu Mwanga na Gungu: "Samahani bro, naomba nikae nyuma dakika mbili." Wengine walicheka, wengine walidhani nimetumwa na wake zao.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wanaangalia urefu wa gari, wakati namba inayosema zaidi ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maana nafasi ya miguu inatafutwa humo. Forester iliyotoka 2002 ina mita 2.525. Iliyoifuata, ya mwishoni mwa 2007, ina 2.615. Hizo sentimita 9 kakae nyuma, goti litakuambia.

Lakini namba nayo inadanganya. Nissan Dualis na X-Trail T31, zote za 2007, zina mita 2.63 sawasawa. Ukikaa ni habari tofauti kabisa: X-Trail ni boksi, paa liko juu na buti ni kubwa, Dualis ni fupi na iko chini zaidi. RAV4 fupi ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2005, ina 2.56 tu. Ila siti yake ya nyuma inasogea mbele na nyuma kwenye reli, na mgongo wake unalala.

Halafu nikamleta mama. Mlango wazi, anakaa kwanza kiubavu miguu ikiwa chini, ndipo anageuka. Siti ikiwa usawa wa nyonga zake, hapandi wala hazami. Akishakaa, mapaja yaguse siti hadi karibu na goti. Kwenye RAV4 aligeuka mwenyewe, akaegemea, akanyamaza. Nikajua.

Kaka akanuna. Siti ikisogea nyuma inakula buti, dumu mbili za mawese zinakosa nafasi, na dumu mbili kila safari ni hela. Hana makosa, hela hiyo ndiyo inalipa dawa za mama. Hatukuongea siku tatu. Siku ya nne nikampeleka kwenye gari ya rafiki yake, nikamwambia, "Rekebisha siti ya mbele unavyopenda, kisha njoo ukae nyuma yake." Akakaa. Hakusema kitu. Jioni ikaingia meseji: "Agiza RAV4."

Ilifika. Siku za Kasulu siti inasukumwa mbele, dumu zinaingia. Siku ya kliniki inarudi nyuma. Mama anashuka mwenyewe, anabamiza mlango, kaka anaguna, "Mama, taratibu," na yeye anajifanya hajasikia.

Juzi staa wetu katupia tena, usukani na miwani. Safari hii nikaikuza picha nione nyuma. Hakuna mtu.

Wadau, kabla hujatuma hela, kwenu nani anakaa nyuma?