Skrini Zikifanana, Tufundishe Nini?

Sisi tuliofundishwa kuongoza meli kwa chati za karatasi tuliuhamisha ujuzi wetu kutoka meli hadi meli bila taabu, kwa kuwa penseli na bikari ni zile zile popote uendapo. Chati za elektroniki zilipofanywa lazima kwa awamu, kuanzia 2012 hadi 2018, hali ilibadilika. Kila mtengenezaji alipanga menyu alivyoona yeye, kwa alama na majina yake, na afisa aliyeijua vizuri skrini ya meli moja akawa mgeni kwenye nyingine. Vyuo vikawa na kazi mbili: kozi ya jumla, ambayo mtaala wa mfano wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) unaipa saa 40, kisha kozi ya mashine ya kampuni fulani. Muda mwingi uliishia kwenye kutafuta kitufe.

Mwaka 2019 IMO ilitoa mwongozo wa kuzifanya skrini hizo zifanane: alama na istilahi za aina moja, taarifa zinazohusiana zikae pamoja, shughuli za msingi zifikiwe kwa hatua moja au mbili. Rada na chati za elektroniki zinazofungwa melini tangu Januari 1, 2024 zinapaswa kuufuata. Naufurahia, ila siafiki hoja kwamba sasa kozi zifupishwe. Tazama meli ya Ovit, iliyopanda fungu la mchanga la Varne katika mlango bahari wa Dover Septemba 2013. Wachunguzi wa Uingereza walikuta njia iliyochorwa kwenye chati inapita juu ya fungu lenyewe. Aliyeichora alikuwa afisa mdogo asiye na uzoefu, na hakusimamiwa. Mipangilio ya usalama haikulingana na eneo, king'ora hakikulia, na zilipita dakika 19 kabla ya afisa wa zamu kutambua kuwa wamekwama. Nahodha na maofisa wake walikuwa wamefunzwa mashine ile ile, na bado hawakuweza kuitumia ipasavyo. Skrini inayofanana na za wengine isingewaambia ni kina gani cha maji kinaitosha meli yao.

Wapo wanaosema kijana wa leo, aliyekulia na simu mkononi, atajifunza mwenyewe. Alama atazizoea upesi, nakubali. Lakini wepesi wa vidole haumfundishi kuitilia shaka njia iliyopendeza kwenye skrini. Tena mwongozo huu unagusa vifaa vipya, na meli huishi miaka mingi: mhitimu wa Dar es Salaam au Mombasa bado atakutana na menyu za zamani. Kwa hiyo saa zinazookolewa kwenye kutafuta vitufe nazitaka ziende kwenye mazoezi ya aina hii: mwanafunzi apewe kina cha meli chini ya maji, jedwali la kujaa na kupwa, na njia yenye kosa lililofichwa, king'ora kizimwe makusudi, aachwe ajipangie mipaka ya usalama, kisha aieleze sababu ya kila namba aliyoingiza.