Sikio la Baba

Baba yangu hasikii. Nikipiga simu nyumbani kutoka hapa Texas, dada ndiye anayepokea. Hunisikiliza, kisha humwinamia Mzee kwenye sikio la kulia, ambalo ndilo lenye nafuu, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Maneno yangu ya dakika tano humfikia kwa neno moja au mawili: "Hajambo!" "Anakusalimu!" Basi. Ni miaka mingi sasa sijazungumza na baba yangu. Ninazungumza na dada.

Mzee alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Selous. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenda kwenye vijiji ambako tembo wameingia mashambani. Alikwenda na raifo ya .458 na masikio matupu. Hakuna aliyempa hata kipande cha pamba. Majirani husema ni uzee tu. Mimi najua ni bunduki, kwa sababu sikio langu la kushoto nalo limeanza kulia usiku kama nyenje, na mimi sijawa mzee.

Huku ninakoishi kuwinda ni jambo la kawaida. Kila Novemba naenda kutafuta kulungu wa mkia mweupe, na miezi mingine nguruwe pori wanaowaharibia wakulima mashamba yao. Mlio wa raifo hufika desibeli 160 na zaidi, na wataalamu wanasema mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 unaweza kuliharibu sikio mara moja. Huvaa vizibo, lakini mwindaji aliyeziba masikio hasikii jani likivunjika. Kwa hiyo unavitoa kidogo usikilize, mnyama anatokea, unafyatua. Ndivyo nyenje wangu alivyozaliwa.

Dawa ilikuwapo: kiwambo cha kuzuia sauti. Sisi tuliokua na riwaya za kijasusi na sinema za kwenye video tunakijua kama chombo cha muuaji. Bastola inasema "pff", mlinzi anaanguka, na mwenzake hata hageuki. Huo ni uongo. Kiwambo ni bomba lenye kuta ndogo ndani zilizotobolewa katikati. Risasi hupita, moshi wa moto ukakwama, ukapoa, ukatoka polepole. Hupunguza desibeli 20 hadi 35 hivi. Kinachobaki bado ni kelele, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado hupasua hewa kama mjeledi.

Aliyekipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1909 alikuwa Mmarekani Hiram Percy Maxim. Jina hilo lilinishtua. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni miaka ya 1880 bunduki ya rashasha iliyobeba jina lake. Silaha za namna hiyo ndizo zilizowafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale bomani Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, na Mahenge ndiko kwetu. Mzee Maxim aliishia kuwa kiziwi kwa kelele za silaha zake mwenyewe. Baba akaleta mlio, mwana akatafuta namna ya kuupunguza. Niliposoma hayo nilikaa kimya kitambo.

Basi kwa nini sikununua mapema? Kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya ubahili wangu. Tangu mwaka 1934 kiwambo kiliwekwa kwenye fungu moja na bunduki za rashasha: uandikishwe serikalini, utoe alama za vidole na picha, ulipe ushuru wa dola 200. Mwaka 2017 nilikwenda dukani, nikaambiwa kuna muswada wa kuondoa masharti hayo; nisubiri. Nikasubiri. Juni mwaka huo mtu mmoja aliwafyatulia risasi wabunge wakifanya mazoezi ya besiboli, na kikao cha kuujadili kikaahirishwa. Oktoba yakatokea mauaji ya Las Vegas, na muswada ukafifia. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza masikio, miaka minane.

Mwaka 2025 habari ikaja tena. Mwezi Mei Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuviondoa viwambo kabisa kwenye sheria ile ya 1934. Ulipofika Seneti, kipengele hicho kikaonekana hakistahili kupita ndani ya muswada wa bajeti. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai ilifuta ushuru tu, kuanzia 1 Januari 2026. Kuandikishwa kulibaki palepale. Muuza duka akaniambia, "Ngoja Januari, uokoe dola mia mbili."

Lakini msimu ule wa Novemba kijana wangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa aingie porini nami kwa mara ya kwanza. Angekaa kushotoni kwangu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Akauliza, "Na yule wa Virginia Beach?" Alimkumbuka mtu aliyewaua watu kumi na wawili mwaka 2019, akiwa na kiwambo kwenye bastola yake. Sikumjibu haraka, maana swali lile ni la haki. Nikamwambia kwamba kuandikishwa, ambako wenzangu wengi wawindaji wanakulalamikia, mimi hakunikeri. Anayetaka kulinda sikio anaweza kutoa alama za vidole. Akasema, "Basi lipa, lakini kifungiwe kabatini pamoja na bunduki." Nikakubali.

Kuchagua nako kuna elimu yake. Cha chuma ni cha bei nafuu na hudumu, lakini mdomo wa bunduki huelemewa. Cha titani ni chepesi, bei yake inauma. Nilichukua cha titani cha kipenyo cha .30, kwa kuwa kinakubali pia risasi nyembamba zaidi. Kimoja kwa bunduki zangu zote mbili. Nililipa na zile dola 200. Msomaji akitaka kunicheka, anayo ruhusa.

Asubuhi ya kwanza ya msimu tulikaa chini ya mwaloni, vizibo mkononi. Kulungu alipotokea tukaviweka, nikafyatua. Mlio ulikuwapo, mkavu, kama ubao uliopigwa chini. Tulipovitoa, sikio langu lilikuwa na nyenje wake yuleyule, hakuongezeka. Kijana akaninong'oneza kitu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: "Baba, ameanguka pale."

Nilimsikia vizuri. Jioni nikapiga simu nyumbani, nikamwomba dada amweleze Mzee habari yote. Alipaza sauti mara tatu. Kisha nikamsikia Mzee kwa mbali, akiuliza: "Na masikio ya mtoto?"

"Mazima!" dada akapaza sauti, kabla sijajibu.