Unyofu na Usafi wa Meno

Kinywa ni mlango wa chakula na mlango wa maneno, na walinzi wa mlango huo ni meno. Mlinzi aliye mzima hakumbukwi na mtu. Akiugua, mwenye nyumba halali. Kwa mwalimu wa lugha jambo hili lina uzito zaidi, maana hawezi kutamka th ya thamani wala dh ya dhamana pasipo ncha ya ulimi kukutana na meno, wala hawezi kutamka f na v pasipo mdomo wa chini kuyagusa meno ya juu. Kwa hiyo nilipotiwa nyaya za kunyoosha meno nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, nilipata mambo mawili ya kufikiri: unyofu na usafi. Watu wengi hudhani kuwa mambo hayo ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nimeona kwamba ni majirani tu, na pengine majirani hao hugombana.

Rafiki yangu mmoja, aliponiona na vyuma kinywani, alinikumbusha methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, kwani akikauka hakunjiki. Alikusudia mzaha, nami nilicheka pamoja naye kwa kadiri midomo yangu ilivyoweza. Walakini methali ile, ambayo ni ya kweli kwa samaki na aghalabu ni ya kweli kwa tabia, si ya kweli kwa taya la binadamu. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi nyembamba zenye uhai, na mfupa unaolizunguka una uhai vilevile. Waya unapolisukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa upande unaosukumwa huyeyushwa kidogo kidogo, na upande wa nyuma mfupa mpya hujengwa. Jino husafiri hivyo kwa mwendo usiozidi sana milimita moja kwa mwezi. Kwa sababu hiyo nyaya hukaa kinywani mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi. Elimu hii ina umri mkubwa. Pierre Fauchard, tabibu wa meno wa Ufaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 namna ya kunyoosha meno kwa ukanda wa madini uliofungwa kwa nyuzi. Mfupa basi ni samaki asiyekauka: mtu wa makamo hukunjika kama kijana, ingawa hukunjika kwa taratibu zaidi.

Sikutiwa nyaya kwa ajili ya urembo. Katika nchi zetu uzuri wa kinywa haukupimwa kwa rula; mwanya katikati ya meno ya juu, ambao watu wa mbali hulipa fedha ili uzibwe, kwetu husifiwa. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Meno yangu ya chini yalibanana, moja likijificha nyuma ya jingine, na katika maficho hayo mswaki haukufika. Fizi zilivimba, zikatoka damu. Mama yangu mkubwa alipoteza meno yake kwa njia hiyo. Hayakuoza; yalilegea fizini moja baada ya jingine, akafika uzeeni akila mkate uliolowekwa katika chai na akiziba mdomo kwa ncha ya kanga kila alipocheka. Daktari aliponiambia kwamba meno yaliyopangika husafishika kwa urahisi, nilimwona bibi yule mbele ya macho yangu, nikakubali.

Lakini hapa ndipo majirani wawili wanapogombana. Ili kinywa kiwe rahisi kusafishwa baadaye, sharti kwanza kipite katika muda ambao ni vigumu kukisafisha kuliko wakati wowote. Juu ya kila jino hugandishwa kishikizo kidogo cha chuma au cha kauri, na waya hupita katika vishikizo vyote. Kila kishikizo kina pembe, na kila pembe ni kibanda cha mabaki ya chakula. Hapo hujengeka ukoga, yaani utando laini ambao ndani yake wanaishi bakteria wasiohesabika. Bakteria hao hula sukari tunayokula sisi na kutoa asidi, na asidi hiyo huyatoa madini katika gamba la nje la jino, liitwalo enameli. Ukoga usipoondolewa kwa siku kadhaa huanza kuwa mgumu, ukawa ugaga ambao mswaki hauwezi kuubandua.

Sasa msomaji na alinganishe mfupa na gamba hilo. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili, lakini haina uhai. Chembe zilizoijenga hufa jino linapochomoza, na tangu siku hiyo hapana fundi wa kuijenga upya. Ikiwa imepungukiwa na madini tu, mate huweza kurudisha sehemu ya yaliyopotea, ikitoboka, imetoboka. Kwa hiyo katika kinywa kimoja mna maumbile mawili: mfupa unaosamehe na gamba lisilosamehe. Nyaya hutumia msamaha wa mfupa, na wakati uleule hulihatarisha gamba. Daktari huufanya mfupa uwe kazi yake. Gamba humwachia mwenye kinywa.

Nilimjua kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyevaa nyaya kwa miaka miwili. Wazazi wake walijinyima mengi ili kulipa gharama. Siku zilipotolewa, meno yake yalikuwa yamenyooka kama safu ya askari, lakini juu ya kila jino palikuwa na alama nyeupe kama chokaa, iliyozunguka mahali pa kishikizo kama fremu izungukavyo picha. Alama za namna hiyo huweza kuanza hata katika majuma manne, nazo hufichwa na chuma chenyewe na ukoga uliokizunguka. Zamani kijana huyo aliziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya meno yaliyopinda. Nilipomwona tena, alikuwa bado anauziba.

Adui wa kwanza wa mwenye nyaya si wingi wa sukari peke yake. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, nami sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi jino linavyooza. Kila funda la chai tamu huamsha asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Mtu anayekunywa kikombe chake mara moja pamoja na chakula hulishambulia jino mara moja; anayekiweka juu ya meza na kukionja tangu asubuhi hadi adhuhuri huyanyima meno nafasi ya kupumzika. Kwa sisi tusahihishao karatasi za wanafunzi, kikombe cha aina hii ni mwenzi wa kazi. Niliamua chai yangu ya mezani iwe ya mkandaa, isiyo na sukari, na kwa majuma mawili niliiona kama adhabu. Baadaye ulimi ulizoea. Muwa, mahindi ya kuchoma, kashata na mifupa niliviaga mara moja, maana hivyo hubandua vishikizo na kupinda waya. Ubuyu wa sukari niliuaga kwa sababu hunata.

Kazi yenyewe ya kusafisha si ngumu, ila inataka mpango. Asubuhi na usiku mswaki hupita njia tatu: kwanza juu ya waya, ukielekezwa pale jino linapokutana na fizi; pili chini ya waya, ukielekezwa juu; tatu sehemu za ndani na za kutafunia. Kisha kibrashi chembamba hupitishwa chini ya waya, kati ya kishikizo na kishikizo. Mwisho uzi wa meno huingizwa nyuma ya waya kwa kijisindano cha plastiki, na kila nafasi hupata zamu yake. Mtu asiye na nyaya husafisha kinywa kwa dakika mbili. Mimi hutumia kumi. Fizi zikitoka damu, mtu asiziogope na kuziacha, kwani aghalabu damu hiyo ni malalamiko ya fizi zilizosahauliwa.

Jina la chombo hiki linatukumbusha kwamba usafi wa meno kwetu si jambo lililokuja na meli jana. Mswaki, neno lililotoka katika Kiarabu, ni jina la brashi na pia ni jina la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Vijiti vyake vilitafunwa na kusugua meno ya watu wa pwani karne nyingi kabla ya brashi za nailoni kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na dini ya Kiislamu imeisifu desturi hiyo. Kijiti kinasafisha vizuri uso wa jino. Chini ya waya ndipo kinaposhindwa, na hapo hakina budi kumwachia nafasi mdogo wake.

Katika dawa ya meno kilicho muhimu ni floraidi, ambayo husaidia madini kurejea katika enameli. Watu wa Arusha na miteremko ya Meru wanaweza kushangaa kusikia ikisifiwa, maana wamewaona jamaa zao wenye meno ya rangi ya kahawia kwa kunywa, katika utoto, maji yenye floraidi nyingi. Wote wawili wana haki: kinachodhuru kwa wingi ndicho kinacholinda kwa kiasi. Dawa ya mtu mzima huwa na sehemu 1,000 hadi 1,500 katika kila sehemu milioni. Desturi yetu ya kusukutua kwa maji mengi baada ya kupiga mswaki huiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Yatosha kutema povu.

Katika majuma ya kwanza s zangu zilipiga mluzi, na wanafunzi wangu walionyesha adabu kubwa kwa kutonicheka mbele yangu. Matamshi yalirudi yenyewe. Usafi haurudi wenyewe. Nyaya zikitolewa, meno hutamani kurejea yalikotoka, na mtu hupewa kizuizi cha kuvaa usiku kwa muda mrefu, nacho pia husafishwa kila siku. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga, na katika zama hizi za meno ya bandia yaliyo mazuri sana, bado hawajapingwa.

Kunyooshwa ni jambo ambalo mtu huweza kulinunua, na akafanyiwa na mwenye ujuzi huku yeye ameketi kitini macho yamefumba. Kusafishwa kwa usiku mmoja hakufai kwa usiku wa pili. Saa nne za usiku, nyumba imelala, kitanda kinaita, wala hapana shahidi wa kumwona mtu anayezima taa bila kugusa mswaki. Gamba la jino peke yake huandika habari hiyo, na maandishi yake hayafutiki.