Miti Iliyovaa Barafu Mlimani Zao

Wengi wetu tumeiona theluji kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro au katika picha za kalenda. Februari 2023 sisi akina mama wanne tulijaliwa kuikanyaga, katika mlima Zao, kaskazini mwa Japani.

Kutoka Tokyo tulipanda treni iendayo kasi hadi mji wa Yamagata, mwendo wa saa tatu hivi. Basi likatupandisha kwa dakika 40 mpaka Zao Onsen, kijiji chenye chemchemi za maji moto. Hapo tuliingia katika vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya, tukafika kituo cha juu, mita 1,661 kutoka usawa wa bahari.

Tulipotoka nje, sote tulinyamaza. Mbele yetu miti ilisimama imefunikwa gubigubi, kama umati wa wazee waliojitanda mashuka meupe. Wajapani huiita juhyo.

Ni miti ya jamii ya misonobari, isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Upepo wa kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani na kuchukua unyevu, kisha hupanda mlima na kuwa mawingu. Matone yake yamepoa kupita kiwango cha kuganda, lakini bado ni maji. Yakigusa jani huganda papo hapo. Theluji nayo hujaza mianya, na mti hunenepa siku hadi siku. Tena barafu hiyo hukua kuelekea kule upepo unakotoka! Tulikumbuka jinsi Mungu alivyomwuliza Ayubu kuhusu ghala za theluji.

Baridi ile si ya mchezo. Vidole vya mwenzetu mmoja vilikufa ganzi. Hatukuvisugua wala kuvisogeza kwenye moto. Tulimwingiza ndani, akaviweka kwapani mpaka vikapata joto. Anayekwenda na watoto avae na kuwavika nguo kadhaa, moja juu ya nyingine, afunike masikio, na abebe soksi kavu za kubadilisha.

Karibu na kilele furaha yetu ilipungua. Miti mingi huko ilikuwa myembamba kama nguzo, maana haina tena majani ya kushika barafu. Mwaka 2013 viwavi wa nondo waliyala majani, na mwaka 2016 wadudu wadogo watoboao magome wakaishambulia miti iliyokwisha kudhoofika. Maelfu ikakauka. Miti iliyostahimili dhoruba za miaka mingi iliangushwa na vidudu wa kiangazi.

Tuliyazungumza hayo jioni, kwani sote tumeona nyumba za namna hiyo. Zilivuka njaa, msiba na kukosa kazi, kisha zikakauka kwa maneno madogo ya kila siku ambayo hakuna aliyeyashughulikia mapema.

Lakini watu wa misitu hawakukaa wakilia. Wanachukua miche iliyoota yenyewe sehemu za chini na kuipanda karibu na kilele. Itachukua miongo mingi kuwa miti mikubwa, na wengi wanaoipanda hawataiona ikivaa barafu. Wanaipanda hata hivyo, kwa ajili ya wajukuu. Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako kuna kilichokauka, anza na mche mmoja.