Fundi Chaji

Kibao cha duka langu pale Korogwe kiliandikwa "Tunachaji Betri", na kwa miaka mingi sikuhitaji tangazo jingine. Kituo cha umeme cha Hale, wilayani humo humo, kilikuwa kikifua megawati 21 kwa maji ya Pangani tangu 1964, lakini nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyowasha koroboi. Mwenye redio au televisheni alifunga betri ya gari kwenye kerea ya baiskeli akaniletea. Wa Handeni walizipakia kwenye mabasi, na makondakta walizichukia, kwa haki kabisa: asidi ikimwagika hula gunia, suruali na hata bati la sakafu.

"Fundi, viringisha tu waya, nina haraka." Sikukubali. Chaja ukiizima imezimika, betri haizimiki. Kwa hiyo upande wa betri ndio wa kufichwa: plagi yake iwe ile yenye shaba iliyozama ndani ya plastiki, tena iingie kwa namna moja tu, ili hata gizani chanya isikutane na hasi. Wapo waliosema rangi zinatosha. Hazitoshi, waya mwekundu ukiisha dukani, fundi hufunga wa kijani.

Fyuzi niliiweka jirani na nguzo ya chanya, maana waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo upande wa chaja haikuokoi. Niliunganisha betri kwanza, ndipo nikawasha chaja. Kutoa, nilizima kwanza. Betri inayokaribia kujaa hutoa hidrojeni, na cheche moja huweza kuipasua. Ya ampea-saa 50 niliichaji kwa ampea 5. Wenye haraka walikwenda kwa jirani.

Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya 2005, pamoja na sola, vilinipunguzia wateja, wala sikununa. Ndipo wakaja wanafunzi na roboti yao, kigari cha volti 12, nyaya zimeungwa kwa solotepu. "Shikamoo babu." Baada ya marahaba nikakata yote. Nikabana vichwa vipya kwa koleo la kazi hiyo, nikavuta kila waya kwa nguvu kuupima, kisha nikafunga aina moja ya plagi kwenye roboti na kwenye chaja, asiwepo wa kubuni njia yake.

Wenye vikundi vya namna hiyo, kabla ya kununua mota nyingine nunueni fyuzi na koleo la kubania.